Moto Usiotaka Kuchokolewa
Anthrasaiti, makaa ya mawe magumu kuliko yote, ilijaa Pennsylvania, Marekani, lakini majumbani ilionekana jiwe tu. Wahunzi waliichoma kwa mvukuto. Mwaka 1807 Abijah na John Smith walishusha shehena kwa Mto Susquehanna hadi Columbia, wakakosa mnunuzi, wakaiacha palepale.

Tarehe 11 Februari 1808, Jesse Fell, hakimu mwenye nyumba ya wageni mjini Wilkes-Barre, aliiwasha juu ya chanja ya chuma, bila mvukuto. Siri ilikuwa chini: hewa ipenye katikati ya makaa ikivutwa na dohani. Kuichokoa kila mara, kama tufanyavyo na mkaa wetu, ni kuizima. Mwaka huohuo akina Smith walirudi Columbia na chanja, na safari hii wakauza.

Jiko la chuma lilipoenea, kijimlango cha chini kikawa usukani: kikifunguliwa moto unapanda, kikibanwa makaa yanadumu usiku kucha. Kosa lilikuwa kuziba dohani badala ya kubana kijimlango. Chumba kilibaki na joto lake, na sumu isiyo na harufu ikawakuta watu usingizini.