Degedege, mama wa Handeni na kesi ya miaka mingi



Nikiwa mdogo pale Chanika, Handeni (Chanika yetu, siyo ile ya Dar), jirani yetu alikuwa na mtoto wa kiume aliyeanza kuongea vizuri tu kama wenzake. Siku moja homa ikampanda, degedege likamshika. Akapona. Lakini maneno hayakurudi. Akawa hamtazami mtu usoni, kutwa anazungusha kifuniko cha sufuria.

Mtaani ikasemwa mama yake kamtoa kwa mganga ili biashara yake ya vitumbua ishike. Yule mama akaacha hata kwenda misibani.

Nimemkumbuka wiki hii nikipekua historia ya usonji. Kumbe wasomi wa Ulaya na Marekani nao walimsulubu mama huyo huyo!

Mwaka 1943, Leo Kanner, daktari wa Baltimore, alieleza habari za watoto 11. Alisema hali yao ni ya kuzaliwa nayo, ila akagusia pia wazazi wasio na bashasha. Hilo la pili ndilo lililoshika. Mwaka 1967 Bruno Bettelheim wa Chicago akatoa kitabu kizima kikiwatupia lawama akina mama. Naam, mtaa wa Chanika wenye vyeti.

Aliyesaidia kuwatoa kizimbani ni Susan Folstein, pamoja na Michael Rutter, London, mwaka 1977. Walichunguza jozi 21 za mapacha. Katika jozi 11 za wanaofanana kabisa, 4 walikuwa na usonji wote wawili. Katika jozi 10 za wasiofanana, hakuna hata moja. Sasa fikiria: mapacha wa aina zote mbili hulelewa na mama mmoja, nyumba moja. Kama kosa ni malezi, tofauti hiyo imetoka wapi? Ni kurithi.

Hapo ndipo stori inaporudi nyumbani. Mwaka 2006 Folstein huyo huyo, akiwa na Raymond Mankoski, Noah Ndosi na wenzao, walichapisha utafiti wa watoto 20 wa Tanzania. Waliotimiza vigezo vya usonji walikuwa 14. Kati yao, 3 walikua vizuri mpaka walipougua malaria kali, yenye homa ya muda mrefu na degedege. Wengine 4 waliugua karibu na wakati huo, lakini watafiti wakakataa kuitwika malaria mzigo bila ushahidi wa kutosha. Na tusidanganyane: watoto wengi wanaougua malaria hawapati usonji.

Wakati huo Korogwe, jirani zetu, walikuwa wanaingia kwenye vita vyenyewe. Matokeo ya majaribio ya chanjo ya RTS,S kwa watoto 894 wa Korogwe na Kilifi yalitoka mwaka 2008: malaria ilipungua kwa asilimia 53. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaipitisha chanjo hiyo. Ni chanjo ya malaria, siyo ya usonji. Ila kila malaria kali inayozuiwa huenda ikawa degedege moja pungufu.

Na aliye na usonji tayari? Huyo anahitaji mwalimu. Huko juu Lushoto, Walutheri walifungua shule ya Irente Rainbow mwaka 2005 kwa watoto wenye ulemavu wa akili na usonji. Kwa mtoto wa jirani yangu ilikuwa imechelewa.

Idi iliyopita nilimkuta yule mama. Mwanawe ni mtu mzima sasa, anachota maji, bado haongei. Nikamsimulia habari za wale watoto 3. Sikumwambia kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa wake, mimi si daktari. Nilimwambia tu kwamba waliotafuta kosa la mama hawakuliona.

Akanyamaza. Kisha akauliza: "Mwanangu, mbona hamkuja kuniambia mapema?"

Mimi sikuwa na jibu. Wewe unalo?