Ukumbi Uliobaki Bila Wenyewe

Kila yanapozuka mazungumzo kwamba Mwanza nayo inastahili ukumbi wa mikutano ya kimataifa, picha inayoletwa ni ileile: vioo vitupu, viyoyozi, uwanja mpana wa magari, tena nje ya mji kabisa. Mimi huwa nawaza Arusha.

Majengo ya AICC hayakujengwa yawe kumbi za kukodisha. Yalikuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ile ya mkataba wa 1967. Mwaka 1977 Jumuiya ikafa na mali zikagawanywa. Huku ziwani kejeli ikajiandika yenyewe: feri ya mabehewa iitwayo Umoja ikabaki Tanzania, mwenzake Uhuru akabaki Kenya! MV Victoria, ya tangu 1961, nayo ikawa yetu. Lakini meli unaweza kuing'oa nanga ukaenda nayo. Jengo utalipeleka wapi?

Mwaka 1978 serikali ikayageuza majengo yale, Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro, kuwa kituo cha mikutano. Naamini kilichoyaokoa ni mahali yalipo. Kutoka Mnara wa Saa ni mwendo wa miguu tu, kwa hiyo hata pasipo na mkutano ofisi zilipata wapangaji. Agosti 4, 1993, serikali ya Rwanda na RPF zilitia saini mkataba wa amani Arusha. Miezi minane baadaye mauaji yakaanza, na Mto Kagera ukaleta miili mpaka ziwani kwetu. Kisha mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za Rwanda ikapanga humohumo AICC mpaka ilipofungwa 2015. Yaani vyumba vilivyochorwa kwa ajili ya makarani wa Jumuiya vikasikiliza ushahidi wa mauaji ya kimbari.

Nairobi, KICC ilikusudiwa iwe makao ya KANU; chama kikaangushwa 2002, jengo lipo katikati ya jiji na linafanya kazi.

Kwangu huo ndio uendelevu, kabla hata hatujafika kwenye paneli za sola. Jengo likubali kazi ambayo mchoraji wake hakuiota. Mwanza tuna upepo wa ziwa mchana, basi madirisha yafunguke. Tuna mawe, yaachwe yalipo, ukumbi uyazunguke, maana kuyalipua ni gharama na ni kujifuta sura. Na tuna machinga, waliohamishwa katikati ya mji 2021 kwa jina la usafi. Ukumbi usio na nafasi yao barazani utakuwa gofu siku zisizo na mkutano, na siku hizo ndizo nyingi.

Nikiulizwa, mlango mkuu uelekee kituo cha daladala. Mjumbe akichoshwa na hotuba atoke, avuke barabara, akale sato wa kukaanga.