Kutoka Narung'ombe hadi Lukuledi: imani moja, bendera mbili

Tarehe 19 Julai 1917, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, jeshi la Waingereza lililoteremka kutoka Kilwa liliwakuta Wajerumani wamejichimbia Narung'ombe, wakilinda maji. Kiangazi cha huku kusini mwa Tanzania ni kikali, na aliyeshika visima ndiye aliyeshika njia. Upande mmoja walikuwapo askari wa KAR (King's African Rifles), wa Gold Coast, Wahindi na wanajeshi wa Afrika Kusini. Upande wa pili askari Waafrika na maofisa wao Wajerumani, chini ya Kapteni von Liebermann. Walipigana kutwa. Usiku Wajerumani wakaondoka kuelekea kusini, wakaacha visima na maiti.

Njia yao ya kurudi nyuma bado inafuatika: Narung'ombe iliyoko Ruangwa, kisha Ruponda ya Nachingwea, mpaka Lukuledi, ambako mikorosho inakaribia kuta za misheni. Wengi huipita wakiwaza vita. Mimi nimeifuata nikiwaza kanisa. Maofisa waliotoa amri ya kufyatua risasi pale visimani walitoka katika nchi zilizoungama Kanuni moja ya Imani, na wamisionari waliowatangulia huku walikuwa wameigawana nchi hii hii.

Waanglikana wa UMCA (Universities' Mission to Central Africa) walifika Masasi mwaka 1876, Askofu Steere akiwaongoza watumwa walioachwa huru kutoka Unguja. Wabenediktini kutoka Ujerumani wakafungua Lukuledi mwaka 1895. Mgeni aliyeingia kanisa la Masasi akatoka akaenda Lukuledi angepata shida kuwatofautisha: kote kuna Misa, kote kuna ubani, maungamo na ishara ya msalaba. Hata hivyo mwaka 1896 Papa Leo wa Kumi na Tatu alitamka kuwa daraja za Kianglikana ni batili. Kwa tamko hilo Cecil Majaliwa, Mwafrika aliyepewa upadre Unguja mwaka 1890 na kuwahudumia Wayao wa Chitangali, kwa Roma hakuwa padre. Uamuzi ulitolewa kwa ajili ya ugomvi wa Ulaya, ukamkuta mtu wa Chitangali altareni pake.

Waprotestanti nao walikuwa na yao. Juni 1913 wamisionari wa madhehebu kadhaa walikutana Kikuyu, Kenya, wakapanga shirikisho la makanisa. Msingi walioukubali ulikuwa mfupi: Maandiko Matakatifu, Kanuni ya Mitume na ile ya Nikea, Ubatizo na Meza ya Bwana. Mwishoni Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Komunyo ndani ya kanisa la Waskoti, na wasio Waanglikana wakapokea. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, ambaye dayosisi yake ilifika mpaka Masasi, akawashtaki maaskofu wenzake walioshiriki kwa Askofu Mkuu wa Canterbury kwamba wamefundisha uzushi.

Naona ukali wa Weston ulizidi, lakini swali lake lilikuwa la haki: je, watu wanaweza kula meza moja kabla hawajakubaliana ni nani anayeiandaa? Wabenediktini hawakuwapo Kikuyu kabisa, na hilo linaniuma zaidi, maana jirani wa Masasi alikuwa Lukuledi.

Kesi ile haijapoa, vita vikaja. Wajerumani waliwafunga wamisionari Waingereza, na mapadre na walimu Waafrika wa UMCA wakatiwa gerezani wakishukiwa kuwa watu wa adui. Upepo ulipogeuka, Waingereza nao wakawaondoa Wabenediktini Wajerumani. Kila kanisa kwa zamu yake likabaki bila wachungaji wake wa kigeni. Waliobaki ni walimu na makatekista: mtu wa kijijini mwenye katekisimu, anayejua kubatiza mtoto mahututi, anayefundisha watoto Baba Yetu kwa kuwaimbisha, anayezika. Hawakuwa na madaraka ya kuamua nani ni padre halali. Walikuwa na ule msingi mfupi, na ukatosha kuwabeba waumini mpaka vita vikaisha. Kwangu mimi huo ni ushahidi mzito kuliko hati yoyote ya Kikuyu.

Lukuledi yenyewe ilikuwa imekwisha kuharibiwa wakati wa Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani, mwaka 1905. Tarehe 18 Oktoba 1917 Waingereza waliingia. Siku tatu baadaye von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akaja kuwashambulia. Safari hii waliotoa amri pande zote mbili za misheni walikuwa wabatizwa.

Julai 1918 Weston alikwenda mwenyewe Kikuyu na pendekezo lake la umoja, na mwaka 1920 alishiriki katika Mkutano wa Lambeth wa maaskofu Waanglikana, uliotoa mwito kwa Wakristo wote. Mwaka 1952 Waprotestanti wakapata Biblia ya Muungano, baada ya miaka mingi ya Unguja kusoma tafsiri yake na Mombasa yake. Mwaka 1992 Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo Tanzania wakaunda tume moja ya huduma za jamii, kwa ajili ya shule na hospitali.

Lakini mume Mkatoliki na mke Mwanglikana bado wanaungama Kanuni ile ile Jumapili, kisha kila mmoja anakwenda kwenye altare yake. Wanaposomesha watoto na kuuguza wagonjwa pamoja, makanisa yanawasifu. Wakiomba kukomunika pamoja, wanaambiwa wasubiri, na maaskofu wetu wana wajibu wa kuwaeleza kwa Kiswahili cha wazi wanasubiri nini.