Pande Mbili za Sarafu

Malipo ya miwa yafikapo hapa Butali, twazihesabu fedha bila kusoma kilichoandikwa juu yake. Hebu leo tusome sarafu moja ya kale.

Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa Kilwa alitoa sarafu za shaba nyekundu. Upande mmoja una jina lake. Wa pili, kwa kina kinacholingana na jina hilo, wasema anamtumaini Mmoja, Mpaji. Mwaka 1971 moja ilipatikana Great Zimbabwe, mbali na pwani.

Je, maneno hayo yalikuwa pambo tu? Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, asimulia kwamba maskini alimwomba sultani nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akabadili, akampa. Lakini msafiri huyo huyo asema pia kwamba sultani alivamia nchi za jirani na kuteka mali.

Maskini alisoma upande mmoja. Waliotekwa mali walisoma mwingine. Ndugu, tumaini tunalolitangaza, jirani zetu wanalisoma upande gani? Tujiulize kabla ya kulala. Kwaherini.