SIMU ILIYOPIGWA KARIBU NA BAA



Mei 1935, mjini Akron, jimbo la Ohio, Marekani. Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York, amesimama hotelini peke yake. Dili iliyomleta imeharibika. Karibu naye kuna baa, anasikia vicheko. Ana miezi mitano tu tangu aache pombe.

Badala ya kuingia, alishika simu akampigia mchungaji wa mji ule. Alitaka kutafutiwa mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, kwa maana alijua asipomshika mkono mwingine, yeye mwenyewe atazama.

Kesho yake akakutanishwa na Bob Smith, daktari wa upasuaji. Huyu alikuwa akihudhuria kikundi cha maombi, lakini chupa bado ilikuwa imemshinda. Alikubali kukaa dakika 15 tu. Wakaongea kwa saa kadhaa! Mbele yake aliketi mtu aliyelijua shimo lile kwa kuishi ndani yake.

Bob alianguka tena mara moja. Bill hakumwacha. Tarehe 10 Juni 1935 daktari alikunywa kwa mara ya mwisho, na siku hiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa Alcoholics Anonymous. Mwaka 1939 walichapisha kitabu chenye hatua 12: kubali umeshindwa, jikabidhi kwa Mungu, orodhesha makosa yako, yakiri kwa Mungu na kwa mtu, rudi kwa uliowakosea utengeneze, jichunguze kila siku, kisha msaidie mwingine.

Soma Yakobo 5:16 uone kama hayo ni mageni. Ndugu wale wa Akron waliupenda sana waraka huo.

Sasa niseme ukweli wangu. Niliwahi kumwombea kijana madhabahuni, nikatangaza amefunguliwa, tukapiga makofi. Alipoanguka, aliona haya kurudi. Sikumpigia simu hata mara moja. Makofi tulimpa, mwenzake wa kutembea naye hatukumpa. Mungu anisamehe.

Mpendwa unayepambana, usijifiche. Na ukikosa pombe mwili ukitetemeka, mwone daktari pia. Hiyo si kukosa imani.

Wewe uliyetolewa huko, leo usiandike "Amina" ukapita. Yuko mtu umemkumbuka ukisoma hapa. Mpigie.

Mbarikiwe.