Jina Hubaki, Mti Hutoweka

Somo letu la leo ni la historia, lakini hatutaanza na wafalme wala vita. Tutaanza na majina.

Wewe ukaaye Oldonyo Sambu, umepata kujiuliza maana ya jina hilo? Ni maneno ya Kimaasai. Oldonyo ni mlima. Sambu ni rangi mchanganyiko, kama ya ng'ombe mwenye mabaka. Basi, ni Mlima wa Rangi Nyingi.

Sasa teremka mpaka Arusha mjini. Huko pako mahali paitwapo Olorien. Jina hili ni la mti. Kwa Kimaasai oloirien ni mzeituni wa mwitu. Mti huu ni mgumu, hukua polepole, na majani yake hubaki mabichi mwaka mzima. Kina mama huchukua kijinga chake cha moto wakafukiza kibuyu. Maziwa yakitiwa humo hunukia vizuri, wala hayaharibiki upesi.

Watu wa mbali nao hufanya vivyo hivyo. Wahispania wana neno encino, maana yake mwaloni usiopukutisha majani. Mwaka 1769 msafara wao ulioongozwa na Gaspar de Portolá ulifika katika bonde moja la California, nchi ambayo leo ni sehemu ya Marekani. Waliona mialoni mingi, wakalipa bonde jina la miti hiyo. Leo Encino ni mtaa wa jiji la Los Angeles. Mwaloni mmoja wa kale sana, uliokuwa fahari ya mtaa huo, uliangushwa na dhoruba mwaka 1998. Mti haupo, jina lipo.

Unaona sasa? Jina la mahali ni shahidi. Hutuambia waliotutangulia waliona nini hapo. Lakini jina halina kivuli, wala huwezi kufukizia kibuyu kwa jina. Mzeituni wa mwitu hutoa kuni na mkaa mzuri, ndiyo sababu hukatwa sana. Ukikata mmoja leo, mche utakaoupanda kesho utamfaa mjukuu wako.

Kazi ya nyumbani: Mwulize mzee mmoja maana ya jina la kijiji au kilima chako. Kisha andika sentensi tatu katika daftari lako. Ya kwanza, jina lenyewe. Ya pili, maana yake. Ya tatu, je, kitu hicho kingalipo?

Kwaherini mpaka somo lijalo.