Kunde ya Kakapel

Mwaka jana nilipata kazi rahisi: maneno 1,500 kuhusu vijiji 10 vya kupendeza duniani, doo inatumwa kwa simu ukimaliza. Nilikaa chini ya mwembe wa nyanya yangu hapa Angurai, simu mkononi, nikaanza na Hallstatt. Sijawahi kufika Austria. Kusema ukweli sijawahi kufika hata Mombasa. Lakini bando ilikuwepo, na baada ya nusu saa nilikuwa nimejua kwamba Hallstatt ni kijiji cha watu wasiofika 1,000, kiko kando ya ziwa, na watu wamechimba chumvi kwenye mlima wake kwa maelfu ya miaka. Wachina walikipenda hadi wakajenga nakala yake mkoani Guangdong, wakaifungua mwaka 2012. Mwaka 2023 wenyeji wenyewe walichoshwa na wageni wa kujipiga picha, wakasimamisha ukuta wa mbao kuziba mandhari, kisha wakauondoa.

Nyanya alikuwa kando yangu akichagua kunde kwenye ungo. Akaniuliza wageni wote hao wanaenda kufanya nini huko.

"Kuona tu, nyanya."

"Kuona watu wakiishi?"

Akacheka hadi akaweka ungo chini. Mimi nikaendelea kuandika, maana doo ni doo. Lakini swali lake lilikaa na mimi.

Ukitaka kufika kwetu, shuka Malaba. Utaijua kwa malori: yanapanga foleni kando ya barabara yakisubiri kuvuka kwenda Uganda, na madereva wanakunywa chai kama watu wasio na haraka, ilhali haraka ndiyo kazi yao. Ukiangalia magharibi utaona mwamba wa Tororo umesimama peke yake. Hapo panda boda, elekea kaskazini. Lami ikiisha, vumbi jekundu linaanza, pamoja na mihogo, wimbi, mabanda ya kukaushia tumbaku, na mawe makubwa yaliyobebana kama magunia sokoni. Asubuhi isiyo na mawingu Mlima Elgon uko mbele yako wote. Kuna wadi tatu zenye jina la Angurai, Kaskazini, Kusini na Mashariki, zote katika eneobunge la Teso Kaskazini, Kaunti ya Busia. Hakuna hoteli ya nyota yoyote.

Lakini upande huu wa Teso, kwenye vilima vya Chelelemuk, kuna Kakapel.

Kakapel ni mwamba ulioinama mbele kama paa la baraza. Kwenye ukuta wake kuna michoro ya rangi nyekundu na nyeupe: miduara, mistari, na ng'ombe. Haikuchorwa na mkono mmoja wala katika zama moja. Leo mahali hapo pako chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Nilipokuwa darasa la saba hayo sikuyajua. Tulienda kwa miguu, kundi la wavulana, siku ya Jumamosi. Kwenye jiwe moja la njiani nikaandika jina langu kwa kipande cha makaa, herufi kubwa, na mwaka.

Mzee mmoja aliyekuwa akichunga akaniona. Hakupiga kelele. Aliuliza tu:

"Wale wa huko juu walichora ng'ombe. Wewe umechora nini?"

"Jina langu, mzee."

"Na hilo jina linakamuliwa?"

Wenzangu walicheka wiki nzima. Mzee akanituma mtoni na kibuyu, nikaliosha lile jiwe hadi likarudi kuwa jiwe.

Baadaye nilienda chuo, na somo nililochagua ni historia. Niliacha mwaka wa pili karo iliponishinda. Katika mihula yote niliyosoma, jina la Kakapel sikulisikia darasani hata mara moja. Tulisoma Misri, tukasoma Mapinduzi ya Ufaransa, tukasoma Mkutano wa Berlin wa 1884 hadi 1885. Nilikuwa nimesharudi kuishi Angurai, nikiandikia watu vitu kwa malipo, nilipokutana na habari za nyumbani kwenye simu.

Mwaka 2024 watafiti walitoa matokeo ya uchimbaji wao Kakapel. Timu hiyo ilikuwa na Emmanuel Ndiema wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, na Natalie Mueller na Steven Goldstein kutoka vyuo vikuu vya Marekani. Njia yao mtoto wa hapa anaweza kuielewa. Walichukua udongo waliouchimba wakautia kwenye maji. Mchanga na mawe vikazama, na vitu vyepesi vilivyoungua zamani vikaelea juu: vipande vya makaa na punje za chakula. Punje ikioza inapotea, lakini ikiungua jikoni kwa bahati mbaya inaweza kukaa ardhini miaka elfu na zaidi.

Mojawapo ya punje hizo ni ya kunde, kunde ya kupandwa. Walipoipima moja kwa moja, ilionekana kuwa na umri wa takriban miaka 2,300. Hakuna zao la shambani lililokuwa limethibitishwa kuwa la zamani hivyo katika Afrika Mashariki. Ilipatikana pia mbegu ya njegere, na mtama, na wimbi ambalo lilizidi kuonekana katika tabaka za miaka 1,000 hivi iliyopita. Watu wenyewe walianza kulitumia pango hilo takriban miaka 9,000 iliyopita.

Utafiti mwingine, wa mwaka 2020, ulisoma vinasaba vya watu waliozikwa hapo. Mmoja aliishi takriban miaka 3,900 iliyopita, na ukoo wake ulikuwa wa wawindaji. Mwingine, wa miaka kama 900 iliyopita, ana asili inayomkaribia zaidi Mdinka wa Sudan Kusini. Yaani huu mwamba umepokea wageni tangu kale, na wengi wao hawakuja kuona tu. Walikuja na mbegu, na mifugo, wakakaa. Mimi mwenyewe ni uzao wa wageni: Wateso ni jamaa wa Wakaramojong na Waturkana, na walikuwa wameshafika hapa kabla Mwingereza hajaja na ramani yake.

Ramani ilikuja mapema vilevile. Hadi mwaka 1902 sehemu hii yote ilihesabiwa kuwa Mkoa wa Mashariki wa Uganda. Tarehe 1 Aprili mwaka huo Waingereza waliuhamisha mkoa huo upande wa pili, katika nchi iliyokuja kuitwa Kenya. Baadaye mpaka ukafuata mito, ukiwemo Malaba na Sio, na Wateso wakajikuta huku na huku bila kuhama. Mwaka 1931 reli iliyopita Malaba na Tororo ilifika Kampala. Februari 1976 Idi Amin alidai kwamba ardhi ile iliyohamishwa ni ya Uganda bado, na watu wa huku mpakani ndio walioisikia habari hiyo kwa tumbo, kisha akalegeza.

Nyanya ana dada aliyeolewa upande wa Tororo. Katika maisha yangu yote sijamsikia akisema "mpaka". Anasema "mto". Dada yake akija kwa sherehe, chungu cha ajono kinawekwa katikati, maji moto yanamiminwa juu ya pombe ya wimbi, na kila mtu mzima anavuta kwa mrija wake mrefu. Vitambulisho ni vya nchi mbili lakini chungu ni kimoja. Na ni wimbi lilelile ambalo punje zake zililala Kakapel miaka elfu moja.

Nilimwandikia yule aliyenipa kazi, nikamwomba aondoe kijiji kimoja cha Ulaya aweke Kakapel. Alijibu kwa adabu: hakuna mtu anayekitafuta hicho mtandaoni, na picha zake ni chache. Haya, nimeelewa biashara yake. Lakini ndivyo mahali panavyopotea. Havunji mtu. Mtoto wa darasa la saba anapita na makaa, na hakuna aliyemwambia kilicho mbele yake. Mimi nilikuwa mtoto huyo. Mzee aliniokoa kwa swali moja, na si kila siku mzee anachunga karibu.

Kwa hivyo njoo. Si lazima useme umefika Hallstatt ya Kenya, hatuhitaji nakala. Salimia watu kwanza. Tafuta kijana wa hapo akuongoze, na umlipe. Usiguse michoro, usiimwagie maji ati rangi ing'ae kwenye picha. Kula kunde na ugali wa wimbi kwa mwenye kibanda, uulize mbegu ameitoa wapi.

Juzi nilimweleza nyanya habari ya ile punje. Nikamwambia kunde anayochagua ina historia ya miaka 2,300 katika vilima hivi hivi, na wasomi wameiandika. Alisikiliza bila kuinua macho. Kisha akasogeza ungo wa pili miguuni pangu.

"Basi chagua na wewe," alisema. "Zenye matundu weka kando. Nzima ni za kupanda."